Chuo kisichotoza ada: tunayoyasikia kuhusu Berea na yalivyo kweli

Kila mwaka kuna mwanafunzi wa kidato cha sita anayenifuata na karatasi yenye majina ya vyuo vya Marekani. Mengine ameshayakata kwa kalamu, na mara nyingi aliyoyakata ndiyo mimi ningeanza nayo: vyuo vidogo, vya binafsi, vyenye wanafunzi elfu moja na kitu. Amevikata kwa sababu ya maneno aliyoyasikia. Nayachukua maneno hayo hapa, na mfano wangu ni chuo kimoja ninachokifuatilia kwa muda mrefu, Berea College, kilichoko katika mji mdogo wa Berea, jimbo la Kentucky, pale inapoanzia milima ya Appalachia.

"Hicho ni chuo cha sanaa, na mimi nimesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia)"

Kosa liko kwenye jina. Vyuo vya aina hii huitwa vya sanaa huria. Sisi tukisikia sanaa tunawaza brashi na jukwaa, au tunawaza HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza. Tukisikia huria, akili inakwenda Chuo Kikuu Huria. Jina hilo asili yake ni Kilatini, maarifa yanayomfaa mtu aliye huru, na tangu zamani humo zimo hesabu, jometri na elimu ya nyota. Mwanafunzi ana fani yake kuu, iwe kemia, uchumi au historia, ila hamalizi bila kupita pia kwenye masomo ya upande wa pili. Wa fizikia atasoma falsafa na kuandika insha, wa historia atahesabu.

Jennifer Doudna, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020, alisoma shahada yake ya kwanza Pomona College, California. Robert Noyce, mmoja wa waanzilishi wa Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, alitoka Grinnell College huko Iowa. Berea kwenyewe unaweza kusoma uuguzi au kilimo. Kwa hiyo mtoto wa PCB asikikimbie chuo kwa sababu ya neno.

"Koleji ni kwa waliokosa chuo kikuu"

Kwetu ndivyo tulivyozoea, lakini Marekani koleji ya miaka minne inatoa shahada kamili. Wangari Maathai aliondoka Kenya mwaka 1960, katika safari zile za wanafunzi ambazo Tom Mboya alizihangaikia, akaenda Mount St. Scholastica huko Atchison, Kansas, chuo kidogo cha wasichana chini ya masista wa Kibenedikto. Akamaliza biolojia mwaka 1964 na kuendelea na shahada ya uzamili Pittsburgh. Eduardo Mondlane naye alihitimu Oberlin College, Ohio, mwaka 1953, na miaka tisa baadaye alikuwa Dar es Salaam akichaguliwa kuiongoza FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilipoundwa.

"Cha binafsi ni cha watoto wa wenye nacho"

Hapa ndipo wazazi wengi wanaponyoosha mikono, na ndipo Berea inaposhangaza. Chuo hiki hakijatoza ada ya masomo tangu mwaka 1892. Tena umaskini ni sharti la kuingia: wanapokelewa vijana ambao familia zao hazina uwezo. Mtoto wa tajiri, hata awe na alama nzuri namna gani, nafasi hizo hakuwekewa yeye.

Pesa zinatoka wapi? Wasomaji wa pwani watalielewa jambo hili haraka, kwa kuwa wanaujua wakfu: mnazi hauuzwi, nazi ndizo huchumwa. Mwaka 1920 wadhamini wa Berea waliamua kwamba mirathi wanayoachiwa bila masharti isitumike, iwekwe kwenye mfuko wa kudumu. Miaka mia moja baadaye mfuko huo umepita dola bilioni moja, na sehemu kubwa ya bajeti hulipwa na faida yake.

Nguzo ya pili ni kazi. Kila mwanafunzi hufanya kazi ya chuo angalau saa 10 kwa wiki, na analipwa. Kuna wa shambani, wa maktaba, wa kompyuta, wa kufuma nguo, wa kutengeneza mifagio, na wanaohudumia wageni katika Boone Tavern, hoteli ya chuo iliyofunguliwa mwaka 1909. Nimewahi kumsikia mzazi akisema, "Mwanangu hakusoma ili akafunge mifagio." Namwelewa. Katika shule zetu jembe tuliligeuza adhabu: ukichelewa, kalime. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 hakukusudia hivyo, lakini wengi wetu ndivyo tulivyoipata. Berea kazi haipewi mkosaji. Inapewa kila mtu, inasimamiwa, inapimwa, na tathmini yake inaingia kwenye rekodi kama matokeo ya darasani. Mtoto wa mkulima na mtoto wa fundi wote wana zamu yao, na hakuna wa kuwacheka kwa kuwa hakuna asiye na zamu.

Hata hivyo, bila ada si sawa na bure kabisa. Malazi na chakula ni hesabu nyingine. Kwa wanaotoka nje ya Marekani, mwaka wa kwanza chuo hugharamia na hayo pia, lakini nafasi zao ni chache na ushindani ni mkali. Mambo ya viza na nauli yapangie mapema. Maombi hutumwa moja kwa moja chuoni. Niliwahi kukaa na baba aliyeuza ng'ombe wawili kumlipa wakala aliyemwahidi "nafasi ya uhakika" ng'ambo, na wakala huyo akazima simu. Ukiombwa pesa ya kununua nafasi, ondoka.

"Kentucky ni kusini, Mwafrika atateseka"

Hofu hii haikuanza bure, maana historia ya jimbo lile ina utumwa ndani yake. Lakini Berea ilianzishwa mwaka 1855 na mhubiri John G. Fee, mpinga utumwa, kwa imani kwamba Mungu aliwaumba watu wote wa dunia kwa damu moja. Mwaka 1859 watetezi wa utumwa walimfukuza yeye na wenzake. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipokwisha wakarudi, na kwa miaka mingi karibu nusu ya wanafunzi walikuwa Weusi, darasa moja na Wazungu. Mwaka 1904 Kentucky ikatunga sheria ya kukataza jambo hilo. Chuo kikaenda mahakamani mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1908 kikashindwa. Ilisubiriwa mpaka 1950, sheria iliporekebishwa, milango ifunguliwe tena.

Carter G. Woodson, mwana wa watu waliokuwa watumwa, aliyewahi kuchimba makaa ya mawe, alihitimu hapo mwaka 1903, mwaka mmoja kabla ya sheria ile. Ndiye aliyeanzisha mwaka 1926 wiki ya historia ya Weusi, ambayo leo Marekani huadhimishwa mwezi mzima wa Februari.

"Chuo kidogo, maisha ya upweke"

Udogo wenyewe ndio unaozuia upweke. Profesa anafundisha mwenyewe, anakujua kwa jina, na usipofika darasani ataulizia. Mabweni yako hapo hapo, mtu uliyefanya naye zamu asubuhi ndiye utakayekaa naye jioni. Na kila mwaka, kabla baridi haijaingia, kuna Siku ya Mlima: vipindi husitishwa, wanafunzi na walimu wao hupanda vilele vya Pinnacles katika msitu wa chuo, wengine wakitoka kabla ya alfajiri ili jua liwakute juu.