Chokea si adhabu ya kuchungulia

Mtoto wa jirani yangu hapa Chang'ombe, Dodoma, aligoma kwenda shule siku tatu. Ukingo wa kope la jicho la kushoto ulikuwa umevimba, mwekundu, una kidoti cha njano kama punje ya uwele: chokea. Wenzake walimzomea kwamba amewachungulia watu wazima bafuni.

Dhana hii huumiza kuliko uvimbe wenyewe. Kwenye mashina ya nywele za kope kuna vitezi vya mafuta. Kimoja kikiziba, bakteria wanaoishi kwenye ngozi zetu, mara nyingi stafilokokasi, hupata mwanya, panavimba na kutunga usaha. Hata mtoto mchanga huota chokea. Naye kamchungulia nani?

Wengine husema ni vumbi la Dodoma. Wamekaribia. Upepo wa kiangazi huwasha macho, nasi tunayafikicha kwa mikono iliyotoka kushika pesa, jembe, mbuzi. Mkono ndio unaopeleka bakteria kwenye kope. Wanja wa siku nyingi, au wa kuazimana, nao umo.

"Ibinye itoke." Tafadhali usibinye! Usaha unaweza kusambaa kwenye kope zima na ngozi inayozunguka jicho. Mkojo, maziwa ya mama na dawa ya meno visiguse jicho kabisa. Na dawa ya matone aliyobakiza jirani usiitumie: nyingine zina steroidi, kemikali ya kutuliza uvimbe, ambayo bila usimamizi wa daktari inaweza kupandisha presha ya jicho.

Tiba yake ni kukanda. Mama wa yule mtoto alinawa mikono, akachovya kipande cha khanga kilichofuliwa kwenye maji ya moto, akakikamua na kukijaribu kwanza ndani ya kifundo cha mkono wake mwenyewe. Kisha akamwekea juu ya jicho lililofumbwa, dakika 10 hadi 15, akichovya tena kila kilipopoa. Mara 3 au 4 kwa siku. Siku ya tano kidoti kilipasuka chenyewe. Chokea nyingi huisha ndani ya wiki moja au mbili. Kila mtu awe na taulo lake.

Kuna wanaodhani chokea ndiyo trakoma, ugonjwa wa macho uliofanyiwa utafiti miaka mingi wilayani Kongwa, hapa mkoani Dodoma. Ni vitu viwili. Trakoma huletwa na bakteria wengine, huenezwa na mikono, vitambaa na nzi, na ikijirudia miaka na miaka huacha makovu ndani ya kope hadi nywele zake zigeukie ndani na kukwaruza jicho. Hiyo hupofusha. Mtoto mwenye matongotongo yasiyokoma, au mzee anayeng'oa nywele za kope zinazomchoma, apelekwe kituo cha afya.

Uvimbe usiouma ukibaki wiki kadhaa, mwone daktari wa macho. Lakini jicho zima likivimba, homa ikipanda, ukaona ukungu au ukaumia unapolizungusha jicho, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.