Je, wajua kwa nini kisiwa cha Hatteras kinahama?

Mei 2022 video moja ilizunguka kwenye simu za watu duniani kote: nyumba ya ghorofa katika kijiji cha Rodanthe, jimbo la North Carolina nchini Marekani, ilivunjika nguzo zake, ikaketi majini na kuanza kuelea kama mashua. Nyumba nyingine zimeifuata tangu hapo. Wengi husema bahari inakila kisiwa cha Hatteras. Mimi nasema kisiwa kinahama, na nyumba ndizo zinazoachwa.

Hatteras ni mojawapo ya visiwa vya Outer Banks, ukanda mwembamba wa mchanga unaoikinga pwani ya bara. Mashariki kuna bahari ya Atlantiki, magharibi kuna Pamlico Sound, maji mapana yasiyo na kina kirefu. Unguja imekaa juu ya jiwe la matumbawe. Hatteras ni mchanga juu ya mchanga. Kimbunga kikivuma wakati wa maji makuu, mawimbi huruka matuta, huchota mchanga wa ufukweni na kuumwaga upande wa pili. Mashariki kunapungua, magharibi kunaongezeka. Kadiri miaka inavyopita, kisiwa kizima kinajiviringisha kuelekea bara, na kupanda kwa kina cha bahari kunakiharakisha. Mwaka 2003 kimbunga Isabel kilikipasua kabisa, maji yakapita katikati, na kijiji cha Hatteras kikatengwa kwa takriban miezi miwili mpaka mpasuko ule ulipofukiwa.

Binadamu naye alichangia. Katika miaka ya 1930 vibarua wa serikali walijenga matuta marefu, wakaweka uzio na kupanda nyasi. Barabara na nyumba zikapata kinga, lakini mchanga ukazuiwa kuvuka. Upande wa magharibi ukakosa chakula chake huku mashariki kukiendelea kulika, na kisiwa kikazidi kuwa chembamba.

Walioelewa jambo hili mapema ni wale walioushughulikia mnara wa taa wa Cape Hatteras. Ulipowashwa mwaka 1870 ulikuwa mita 450 hivi kutoka baharini; miaka mia moja baadaye zilibaki kama 37 tu. Mwaka 1999 mnara huo wa matofali, wenye uzito wa zaidi ya tani 4,000, uliinuliwa kwa jeki na kusukumwa juu ya reli takriban mita 880 kwa siku 23. Haukupata ufa wa kumtisha mtu.

Ukienda kutembea huko, vaa viatu ufukweni, maana nyumba ikianguka hutawanya misumari na vipande vya mbao kwa kilomita nyingi. Kisha vuka barabara uende upande wa Pamlico ambako mawimbi ya dhoruba yamepita. Utakuta mchanga mweupe umelala juu ya nyasi za kinamasi, na ndani yake makombe ya Atlantiki. Ule ndio ufukwe uliokuwa mashariki.