Je, Wajua? Kwa Nini Baadhi ya Sehemu za Uluru Hazipigwi Picha

Ukiuzunguka kwa miguu mwamba wa Uluru, mwendo wa kilomita 10 na ushei katikati ya jangwa la Australia, utakuta vibao vinavyokuomba uweke kamera chini. Utashangaa. Hapana mlango, hapana sanamu, hapana kaburi. Ni jiwe jekundu tu, lenye mikunjo na mapango. Kinafichwa nini?

Wenyeji wake, watu wa Anangu, wanaamini kuwa mababu wa zama za uumbaji walipita hapa, na waliyoyatenda yakabaki jiweni. Nenda kwenye kisima cha Mutitjulu. Kuniya, chatu jike, alikuja kulipiza kisasi baada ya mpwa wake kuchomwa mikuki na Waliru, nyoka wenye sumu. Shujaa mmoja wa Kiliru akamcheka. Kuniya akampiga kichwani kwa fimbo ya kuchimbia, kisha akampiga tena, akafa. Mapigo hayo unaonyeshwa ukutani: ufa mfupi, na mwingine mrefu ulioingia ndani zaidi.

Hadithi hiyo ni ya wote. Kwa kweli wageni husimuliwa kiwango kile kile wanachopewa watoto wa Anangu. Yaliyobaki yana wenyewe, na aliyepitia jando au unyago ataelewa upesi: mafunzo ya wanawake si ya masikio ya wanaume, wala ya wanaume si ya wanawake. Tofauti ni kwamba huko Uluru mafunzo yameandikwa kwenye mwamba wenyewe, kwa hiyo kuuona ni kama kuyasikia. Pango la Mala Puta, kwa mfano, ni la wanawake. Ukilipiga picha na kuirusha mtandaoni, mwanamume wa Anangu aliye mbali anaweza kufungua simu yake akaona asichopaswa kuona, na kosa si lake.

Masharti haya si ombi la adabu tu. Ardhi ilirudishwa kwa Anangu mwaka 1985, nao wakaikodisha kwa serikali kwa miaka 99 iwe hifadhi ya taifa. Ndio walio wengi kwenye bodi ya hifadhi hiyo, ile ile iliyopiga marufuku kuupanda mwamba kuanzia tarehe 26 Oktoba 2019.

Mgeni hakosi picha, lakini. Viwanja vya kutazamia mawio na machweo viko wazi kwa kamera. Anayepiga kwa biashara ndiye anayehitaji kibali.