Maji yanayonuka dawa si maji machafu

Kuna sentensi moja imenichosha: "Wanatuongezea bili na maji yenyewe yananuka dawa." Nimeisikia kwenye mikutano ya wapangaji mtaa wa Umoja hapa Nairobi, nimeisoma kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa wa Kileleshwa, na juzi ikaletwa maabara ninakopimia maji ikiwa imeandikwa barua. Wakazi wa jengo moja walitaka nithibitishe kwa maandishi kwamba maji ya kanjo, yaani ya bomba la jiji, yana sumu, wapate sababu ya kukataa kulipa. Walileta chupa mbili. Ya kwanza, iliyotekwa kwenye mita, ilikuwa na miligramu 0.4 kwa lita za klorini huru, yaani dawa ya kuua vijidudu ambayo bado haijatumika, na haikuota kijidudu chochote. Hayo ni maji mazuri kabisa. Ya pili ilitoka kwenye mfereji wa jikoni, jengo lilelile, siku ileile. Klorini ilikuwa sifuri, na kesho yake E. coli, vijidudu vya kinyesi, zilikuwa zimeota. Barua nzima ililalamikia chupa ya kwanza. Ya pili haikutajwa, kwa sababu maji yake hayakunuka.

Hasira ya bili, na hii bei mpya ya kampuni ya maji, naielewa, na nitaifikia. Lakini kwanza tumalize hili la harufu, maana linawafanya watu waogope maji salama na kuyaamini yale yanayowaumiza.

Klorini inayobaki kwenye maji baada ya kutoka mtamboni imeachwa humo makusudi. Maji ya bwawa la Ndakaini yakishafika mtambo wa Ng'ethu yanatiwa alamu ya kukusanya tope, yanatuama, yanachujwa, yanatiwa klorini, halafu yanaanza safari ndefu ya bomba hadi matangi ya Gigiri na kutoka hapo hadi mitaani. Njiani hakuna mtu wa kuyalinda isipokuwa hayo mabaki. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka yakufikie yakiwa na angalau miligramu 0.2 za klorini huru kwa lita, na 0.5 mahali penye hatari kubwa zaidi. Kikomo chake cha kiafya ni miligramu 5. Sasa angalia pua zetu: wengi huanza kuihisi klorini ikiwa kati ya 0.6 na 1, na wengine wenye pua kali huihisi hata kwa 0.3. Kwa hiyo unaanza kulalamika mbali sana na kiwango cha kukudhuru, na ukiihisi kidogo tu, jua mlinzi yupo kazini. Mji huu ulipigwa na kipindupindu mwaka 2015, ukapigwa tena 2017. Hatuna anasa ya kuchukia klorini.

Hapa lakini lazima niwe mkweli, kwa sababu hata wenzangu huipita sehemu hii mbiombio. Harufu kali, ile ya kukupiga puani ukifungua mfereji asubuhi mpaka useme mtu amemwaga Jik bombani, mara nyingi haimaanishi klorini nyingi huru. Klorini ikikutana na amonia na uchafu mwingine wa viumbe hugeuka kuwa misombo ya kloramini, na baadhi ya misombo hiyo hunuka kuliko klorini yenyewe. Yaani harufu kali inaweza kuwa dalili kwamba klorini imekuta kazi. Inaweza pia kuwa fundi ametoka kukarabati bomba lililopasuka na dozi imeongezwa. Pua haiwezi kutofautisha hayo mawili. Kipimo kinaweza, na ni rahisi: unatia kidonge cha kupimia klorini, DPD namba 1, kwenye sampuli, maji yanageuka pinki, unasoma klorini huru. Unaongeza namba 3, unasoma klorini jumla, yaani huru pamoja na ile iliyokwisha kugeuka misombo. Namba mbili zikikaribiana, tulia. Jumla ikiipita huru kwa mbali, tafuta ni nini kinachoila klorini yako. Mtu akikuambia "klorini ipo" bila kukwambia ni huru au jumla, hajakwambia kitu. Nimeona ripoti za maabara zilizogongwa muhuri na kuwekwa sahihi zikiandika tu "klorini: 0.3", na mwenye nyumba kazibandika ukutani. Hiyo 0.3 ikiwa ni jumla, huenda huru ni sifuri, na ripoti hiyo inawapa wapangaji imani wasiyostahili kuwa nayo.

Rangi nayo huwatisha watu. Maji meupe kama maziwa: jaza glasi, uiache. Yakianza kuwa angavu kutoka chini kwenda juu, ni hewa. Maji ya hudhurungi dakika za kwanza yanaporudi baada ya mgao, yaani kufungwa kwa zamu, ni tope na kutu vilivyoamshwa bombani. Usiyanywe, yaache yapite, lakini usiyalinganishe na majitaka.

Turudi kwenye chupa ya pili. Ni nini kilichotokea kati ya mita na jikoni? Maji yaliingia kwenye tangi la chini ya ardhi, yakakaa siku tatu nne yakingoja zamu nyingine ya maji, yakapandishwa kwa pampu hadi tangi la plastiki juani, yakakaa tena. Klorini haikai milele. Huliwa na utando wa vijidudu kwenye kuta za tangi, na joto huharakisha kuisha kwake. Nikiuliza tangi la chini lilioshwa lini, keateka, mtunzaji wa jengo, humwangalia mwenye nyumba, mwenye nyumba humwangalia keateka. Mfuniko una ufa, maji ya mvua ya uani yanaingia, na mita chache kutoka hapo kuna shimo la majitaka. Kampuni ya maji inawajibika mpaka kwenye mita. Ndani ya geti ni jukumu la mwenye jengo, na hapo ndipo maji mengi ya Nairobi ninayoyapima yanapoharibikia.

Hii haina maana kwamba kampuni haina lawama. Ina lawama kubwa, na hapa ndipo bili na ubora wa maji vinapokutana, jambo ambalo sijamsikia msemaji yeyote wa upande wowote akilieleza sawasawa. Kitaifa, ripoti za mdhibiti wa huduma za maji, WASREB, zimekuwa zikionyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa hayaingizi pesa: yanavuja, yanaibwa, au hayapimwi. Kiwango kinachovumilika ni kisichozidi asilimia 25. Watu hulitazama hili kama suala la hasara tu, kwamba mlipaji mwaminifu anamlipia mwizi. Ni kweli, na inauma. Ila mimi wa maabara naogopa kitu kingine. Bomba likiwa na presha, tundu hutoa maji nje. Mgao ukija, presha ikishuka, tundu lilelile hunyonya kilicho nje na kukiingiza ndani. Kama bomba limelala kwenye mtaro wa maji machafu, kama ile mipira ya maji inayovuka mitaro kwenye mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru, unajua kinachoingia. Kuvuja na kuchafuka kwa maji kunapitia tundu moja. Ndiyo maana mgao wenyewe ni tatizo la kiafya, si la usumbufu peke yake: mji ukipata maji saa 24 kwa presha, sehemu kubwa ya uchafu haina njia ya kuingia.

Basi mtu akiniuliza kama bei mpya ni halali, jibu langu ni swali: pesa zinaenda kuziba matundu na kushikilia presha, au zinaenda kwingine? Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Bei haiwezi kupandishwa bila idhini ya mdhibiti na bila umma kushirikishwa. Vikao hivyo huwa vinaitishwa, na wengi hatuendi. Wanaoenda hulalamikia harufu.

Kuna watu pia wanaoelekeza hasira mahali pasipo. Ukipanga kwenye ghorofa, bili unayoletewa mara nyingi haijatoka kampuni. Jengo lina mita moja kubwa, na mwenye nyumba ameweka mita ndogo na kujipangia bei yake kwa yuniti. Kwa kuwa bei ya kampuni hupanda kadiri matumizi yanavyopanda, mita moja ya familia thelathini inaweza kulisukuma jengo lote kwenye ngazi ya juu, hata kama kila familia inatumia kidogo. Ongeza ada ya majitaka, ambayo kwa miaka mingi imekuwa asilimia 75 ya gharama ya maji kwa walio kwenye mtandao huo. Omba kuona bili ya mita kubwa kabla hujaandamana. Na kuhusu hewa kuzungusha mita: ni kweli. Maji yakirudi baada ya mgao hewa hutangulia, na mita ya kimakanika haijui kutofautisha. Vali ya kutolea hewa ipo na inasaidia.

Anayelipa bei ya kuumiza kweli ni yule asiye na mita. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa shilingi 5, mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, imekuwa shilingi 250. Ukifika 20, ni shilingi 1,000. Mjadala wote wa bei mpya unafanyika juu ya kichwa cha mama anayelipa hiyo 1,000, kwa maji yaliyopita kwenye mpira uliolala mtaroni, na hakuna anayempelekea sampuli yake maabara.

Sasa, sentensi ya pili inayonichosha, dada wa ile ya kwanza: "Heri maji ya kisima, ni masafi." Majengo mengi ya Nairobi yamechimba visima virefu, na mengi zaidi huchanganya maji ya kisima na ya kanjo kwenye tangi moja bila kumwambia mpangaji. Maji hayo ni angavu na hayanuki. Lakini mji huu umekaa juu ya miamba ya volkeno, na maji yaliyokaa humo muda mrefu huyeyusha floraidi. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nairobi vinakipita. Floraidi haina harufu, haina rangi, na kwa viwango hivi ulimi hauionji. Ile chumvi unayoihisi ni madini mengine. Maji ya mito ya Aberdare, ya Ndakaini na Sasumua, yana floraidi kidogo mno, kwa hiyo yale maji ya kanjo yanayotukanwa ndiyo salama zaidi kwa meno ya mtoto.

Na tafadhali: kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inabaki yote, kwa hiyo unaikoleza. Kuchemsha huua vijidudu na huondoa klorini, ambayo maana yake maji uliyochemsha hayana ulinzi tena. Ukiyatia kwenye ndoo iliyo wazi na watoto wakachota kwa kikombe, umerudi kwenye chupa ya pili. Kama harufu ya dawa inakukera, weka maji ya kunywa kwenye chombo safi chenye mdomo mpana, funika kwa kitambaa safi usiku kucha. Asubuhi harufu itakuwa imepungua. Basi.

Nina mashaka yangu kuhusu kazi yangu mwenyewe, na ni haki myajue. Kipimo cha E. coli huchukua kama saa 24. Nikikupa jibu, maji yenyewe mmeshayanywa, kwa hiyo ninachokwambia ni habari za jana. Kukosa E. coli kwenye mililita 100 hakuthibitishi kwamba hakuna virusi, na kuna kimelea, Cryptosporidium, ambacho klorini ya kawaida haikiwezi. Kinachokizuia ni uchujaji mzuri. Klorini ikikutana na mabaki ya majani na udongo, hasa mvua zikichafua mito, hutengeneza kemikali ziitwazo trihalomethani, na hizo zipimwe mara nyingi zaidi kuliko zinavyopimwa. Hata hivyo, ukiniwekea mezani hatari ya trihalomethani kwa miaka mingi na hatari ya kipindupindu kwa wiki hii, nitachagua klorini bila kusita. Shaka inayonisumbua zaidi ni ile namba 0.2. Ni kiwango kizuri kwa bomba lenye presha muda wote. Kwa mji wa mgao, na matangi mawili kati ya mita na glasi, naona ni kidogo, na ningependelea 0.5 kwenye mita hata kama simu za malalamiko zitaongezeka.

Kwa hiyo mkienda kwenye kikao cha bei, ulizeni klorini huru iliyopimwa mtaani kwenu, mwisho wa laini na si kwenye tangi la Gigiri, na mpewe kwa tarehe. Ulizeni upotevu wa maji ulikuwa asilimia ngapi mwaka jana na bei mpya inaahidi kuushusha hadi ngapi. Ulizeni saa za maji kwa wiki. Mkirudi nyumbani, mwambieni mwenye nyumba aonyeshe ripoti ya floraidi ya kisima chake, na kama anachanganya, aonyeshe ya mchanganyiko. Mwenye mtoto aliye chini ya miaka minane asisubiri: meno yake ya ukubwani yanaundwa sasa ndani ya ufizi, na madoa ya hudhurungi yakishaingia humo hayatoki kwa mswaki. Apewe maji ya kanjo yaliyotekwa kabla ya tangi, harufu yake na yote.