Kutafuta mshika kamba ukiwa ugenini

Wanafunzi wangu wa kupanda miamba wanaojiandaa kusafiri huniuliza swali moja kuliko mengine yote: huko niendako, nitapanda na nani? Viatu, hanesi (mkanda wa kiunoni na mapajani unaofungiwa kamba) na chaki ya mikono vinaingia kwenye begi. Mtu wa kukushikia kamba, yule anayebaki chini na kukuzuia ukianguka, haingii. Jibu langu ni kwamba siku hizi kumpata mtu si kazi kubwa. Kazi ni kumjua kabla hujaning'inia kwenye kamba iliyo mikononi mwake. Ndiyo maana napendelea njia zinazonipa nafasi ya kumtazama mtu akimshikia mwingine kamba kwanza, hata kama zinachelewesha safari ya mwambani kwa siku moja.

Anzia kwenye jimu ya kupandia, na ukifika huko usikimbilie upande wa kamba. Nenda kwenye kuta fupi zenye magodoro, zile zinazopandwa bila kamba. Pale watu hupanda kwa zamu: mmoja anajaribu, wengine wamesimama pembeni wanabishana mguu uwekwe wapi. Mgeni akichangia neno, tayari ameshaingia kwenye mazungumzo. Chagua jioni za siku za kazi, maana hapo ndipo wapandaji wa kudumu hukutana baada ya shughuli zao. Ukionekana jioni mbili mfululizo, kuuliza "wikendi mnaelekea mwamba gani?" hakumshtui mtu. Waulize pia watu wa mapokezi, kwani jimu nyingi zina ubao wa matangazo au kundi la WhatsApp. Jimu nyingi pia humpima mtu kabla ya kumruhusu kushika kamba. Kipimo hicho kina faida, ila kinathibitisha kiwango cha chini tu: ndani ya jengo hakuna jiwe linaloporomoka, wala njia ndefu kuliko kamba.

Vilabu vya milima ni njia ya polepole lakini nzuri mno. Klabu ya Alpine ya Ujerumani, iliyoanzishwa 1869, ina wanachama zaidi ya milioni moja na matawi nchi nzima. Afrika Kusini wana klabu yao tangu 1891, Kenya tangu 1949. Kwenye matembezi ya klabu, kiongozi anawajua watu wake na atakupanga na mtu anayekufaa. Andika wiki kadhaa kabla ya safari, uulize kama wageni hupokewa na kwa masharti gani.

Kuna sehemu ambazo wapandaji wa dunia nzima hujikusanya wenyewe. Camp 4 kule Yosemite, Marekani, ina ubao ambao watu hubandika vikaratasi vya kutafuta wenza. Kambi hiyo iliingizwa mwaka 2003 kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria kwa sababu ya mchango wake katika upandaji. Kalymnos huko Ugiriki, Railay na Tonsai nchini Thailand, na El Potrero Chico nchini Mexico ni vivyo hivyo. Muhimu ni msimu. Kalymnos hujaa majira ya kuchipua na ya vuli, El Potrero Chico hujaa majira ya baridi. Ukifika nje ya msimu utakuta miamba ipo, watu hawapo.

Ukitumia mtandao, kwa mfano sehemu ya kutafuta wenza kwenye Mountain Project au kundi la Facebook la eneo hilo, andika ujumbe unaompa msomaji kitu cha kuamulia. Kwa mfano: "Nitakuwepo tarehe 4 hadi 11. Naongoza njia za bolti hadi 6a, nafuata hadi 6b. Nina kamba ya mita 70 na kifaa cha kubania kamba, GriGri. Sina gari. Siku ya kwanza ningependa tupande njia rahisi ili tuzoeane." Kuongoza ni kupanda wa kwanza ukiipitisha kamba kwenye bolti, vyuma vilivyopachikwa mwambani; kufuata ni kupanda kamba ikiwa tayari juu yako. Taja mfumo wa madaraja ya ugumu unaoutumia, kwa kuwa 6a ya Ufaransa ni takriban 5.10a ya Marekani na 18 ya Australia. Taja unachopanda miezi hii, usitaje rekodi yako ya miaka iliyopita. Wala usiandike kama mtu anayeomba msaada. Mgeni njoo, mwenyeji apone: wenyeji wengi wanatafuta kwa hamu mtu aliye huru Jumanne asubuhi.

Sasa siku ya kwanza, ambayo ndiyo mtihani wenyewe. Chagueni njia zilizo chini kabisa ya uwezo wenu, na kama yupo mtu wa tatu, mwache mwenzako mpya amshikie yeye kwanza. Tazama mikono. Mkono wa breki, ule ulioshika upande wa kamba usioelekea kwa mpandaji, unaotoka kwenye kifaa cha kubania, hauachii kamba hata sekunde moja. Wengi hulegea wakiwa na GriGri, kifaa kilichotoka mwaka 1991, kwa sababu hubana kamba chenyewe ikivutwa ghafla. Lakini mtu akikandamiza kijino kinachobana kamba kwa kidole gumba ili atoe kamba haraka, na akakaa hivyo, mpandaji akianguka wakati huo kamba inaweza kupita bila kubanwa. Tazama pia anasimama wapi. Mshika kamba mzuri yuko karibu na ukuta, macho juu, na kamba inayoelekea kwa mpandaji haijalegea hadi chini miguuni pake wakati mwenzake ndiyo kwanza yuko kwenye bolti ya pili.

Kisha kukaguana. Kabla mguu haujaondoka ardhini, kila mmoja anagusa kwa mkono fundo na bizimu za hanesi za mwenzake, kifaa, na kufuli ya karabina, ile pete ya chuma inayounganisha kifaa na hanesi. Mwaka 1989 huko Buoux, Ufaransa, Lynn Hill, mmoja wa wapandaji bora kabisa duniani wakati huo, alipanda bila kumaliza kufunga fundo lake. Alipoegemea kamba juu akaanguka zaidi ya mita 20, na matawi ya mti yakamwokoa. Ikiwa yeye alisahau, sioni nani kati yetu asiyehitaji jicho la pili. Mtu anayeudhika kukaguliwa, mimi sipandi naye. Hakikisha pia kuna fundo kwenye ncha ya chini ya kamba, maana njia za ugenini huenda ni ndefu kuliko ulizozoea, na kamba ikiisha wakati unashushwa, ncha hupenya kwenye kifaa na unaporomoka.

Jambo ambalo wageni kwa wageni hulisahau ni hili: ukifika juu, utashushwa, au utashuka mwenyewe kwa kamba? Kubalianeni mkiwa chini. Mpandaji akidhani anashushwa, huku aliye chini akiitoa kamba kwenye kifaa kwa kudhani mwenzake ameshajifunga juu, hapo mtu anakufa. Kama lugha zenu ni tofauti, chagueni maneno machache ya kukaza, kulegeza na kushusha, myarudie kwa sauti, na kila amri itanguliwe na jina la mwenzako. Kwenye ukuta wenye watu wengi, amri isiyo na jina inaweza kutiiwa na mtu wa kamba nyingine.

Mwenyeji ana thamani nyingine ambayo kitabu cha njia hakiwezi kuitoa yote. Kwenye mawe ya mchanga ya Saxony, Ujerumani, vyuma vya kuchomeka kwenye nyufa vimekatazwa, chaki imekatazwa, na haipandwi jiwe likiwa na maji kwa kuwa hulainika na mishiko huvunjika. Kwingine ukuta mzima hufungwa kwa miezi kadhaa ili ndege aina ya kozi watage na kulea makinda. Mwulize mwenyeji mapema, na akisema leo hapana, msikilize. Mgeni akivunja sharti huondoka zake. Wenyeji ndio wanaobaki na eneo lililofungwa.

Na ukiona ushikaji kamba wa mtu haukuridhishi, sema siku hiyo hiyo, kwa heshima na bila kuzunguka: "Samahani, naomba mkono wako ubaki kwenye kamba muda wote." Anayejirekebisha, endeleeni. Anayebisha, mshukuru na ufungashe vifaa vyako. Huna deni naye.

Kama una siku chache na humjui mtu kabisa, kodi kiongozi mwenye cheti kwa siku ya kwanza. Atakuonyesha sehemu salama na atakupima unavyopanda na unavyoshika kamba. Jioni mwombe akuunganishe na wapandaji wanaolingana nawe. Kiongozi aliyekuona kwa macho yake ana cha kuwaambia juu yako, nao watakuja mwambani wakijua wanakutana na nani.