Likivuja usiku, nani atajua?

Swali hilo niliulizwa na mzee mmoja kwenye mkutano wa kijiji kuhusu bomba la mafuta, wilayani Missenyi, mkoani Kagera. Watu walikuwa wameshauliza kuhusu fidia ya migomba na mibuni, ajira za vijana na vumbi la malori. Yeye alingoja hadi karibu ya kufunga mkutano, akanyoosha fimbo yake kuelekea bondeni kwenye mafunjo, akasema: "Mwanangu, hilo bomba likivuja usiku, nani atajua?" Muda ulikuwa umekwisha. Nikamwambia, "Mzee wangu, swali hili linataka jibu la kutosha, nitakuletea." Jibu lenyewe ndilo hili.

Kazi yangu ni haidrolojia. Nafuatilia maji yanakotoka, yanakopita na yanachobeba njiani. Kwa hiyo Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki nalitazama kutokea mtoni. Ni bomba la inchi 24, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Mafuta yanaanzia kando ya Ziwa Albert, na karibu theluthi moja ya safari yake inapita katika bonde la Ziwa Victoria, ikiwemo Missenyi, Muleba, Biharamulo na Chato. Likifikia uwezo wake wa juu litapitisha mapipa 246,000 kwa siku.

Mjadala wa hadhara juu ya mradi huu umekuwa mkali, na mara nyingi umekuwa wa heshima ya taifa kuliko wa maji. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuukosoa mradi, na huku kwetu wengi wakajibu kwamba Ulaya ilichoma mafuta na makaa yake karne nzima na leo inatukataza yetu. Hasira hiyo naielewa, na ina haki ndani yake. Mashirika ya kiraia nayo yalifungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2020, na Novemba 2023 kesi ikatupwa kwa sababu ilichelewa kufunguliwa. Katika mvutano wote huo, upande mmoja umekuwa ukisema bomba ni salama na mwingine ukisema ni hatari, kana kwamba jibu ni moja tu. Mzee wa Missenyi hakuuliza kama litavuja. Aliuliza nani atajua, na kwa mtu anayeishi kando ya maji hilo ndilo swali lenye uzito.

Chumba cha kuendeshea bomba huwa na kompyuta zinazolinganisha kiasi kinachoingia, kiasi kinachotoka na mgandamizo wa mafuta njiani. Tofauti ikiwa kubwa, kengele inalia. Lakini mita za kupimia zina makosa madogo ya kawaida, na mafuta hupanuka na kusinyaa kwa joto. Ndiyo maana kwa mabomba marefu, njia hii ya hesabu hupata shida kugundua uvujaji ulio chini ya asilimia moja hivi ya mafuta yanayopita. Asilimia moja inasikika kama kitu kidogo. Ipigie hesabu: asilimia moja ya mapipa 246,000 ni mapipa 2,460, na pipa moja ni lita 159. Hizo ni lita 390,000 kwa siku, kimyakimya, chini ya udongo.

Niwatendee haki wahandisi: bomba hili lina pia waya wa faiba uliofukiwa sambamba nalo, na waya huo unaweza kuhisi mabadiliko ya joto na mtikisiko pale pale mafuta yanapotoka. Ni teknolojia nzuri na nimefurahi kwamba imo. Hata hivyo, kengele ni mwanzo tu. Baada yake yupo binadamu wa kuiamini au kuipuuza.

Hapo ndipo Marekani inapotufundisha. Jioni ya tarehe 25 Julai 2010, bomba la kampuni ya Enbridge lilipasuka karibu na mji wa Marshall, jimbo la Michigan, na mafuta yakaingia kijito kinachomwaga maji yake katika mto Kalamazoo. Kengele zililia. Wasimamizi wakadhani ni pengo tu lililotokea ndani ya bomba pampu zilipozimwa, wakawasha tena, mara mbili. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba asilimia 81 ya mafuta yote yaliyomwagika yalitoka wakati wa kuwasha huko. Walikuja kutambua baada ya saa 17, tena kwa kupigiwa simu na mtu wa kampuni nyingine ya gesi. Zaidi ya lita milioni 3 zilikuwa zimemwagika. Na usiku ule ule wa kwanza, wakazi wa Marshall walikuwa wameshapiga simu ya dharura kulalamikia harufu.

Majirani walijua kwanza, kwa pua zao. Simu zao hazikufika kwa mtu mwenye uwezo wa kuzima pampu.

Mafuta ya Uganda yana tabia yake, nayo inaliongezea uzito suala hili. Yana nta nyingi, hivyo lazima yapashwe moto na kubaki juu ya nyuzi 50 ili yatiririke. Nilipotimiza ahadi na kurudi Missenyi nilibeba kipande cha mshumaa. Tuliyeyusha nta jikoni kwa mama mmoja, nikaimimina katika beseni la maji ya mtoni. Ikaganda papo hapo vipande vipande. Kijana mmoja akasema, "Kumbe unaokota tu!" Nikachukua kishungi cha mafunjo na kukivuruga katika nta nyingine iliyokuwa bado ya moto. Tukajaribu kuisafisha. Nta ilikuwa imeingia katika kila unywele wa kile kishungi, na hatukufika popote hadi tukakitupa.

Mafuta halisi si mshumaa, yana vitu vyepesi vinavyopaa hewani na vingine vinavyoyeyuka majini na kudhuru samaki. Lakini picha ile ni ya kweli kwa sehemu: kwenye maji wazi kuganda kunasaidia, kwenye mafunjo kunaleta taabu ya miaka. Jambo la pili ni kwamba bomba la namna hii likisimama muda mrefu bila joto, mafuta huganda ndani. Msimamizi anayeangalia kengele ya mashaka saa nane usiku atajua hasara ya kusimamisha. Kishawishi cha kuwasha tena kitakuwa kikubwa kuliko kule Michigan.

Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kwa mkulima, mita 60 ni kinga nzuri. Kwa mafuta, umbali unapimwa kwa saa. Mto unaotembea nusu mita kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea polepole sana, kwa saa 17 umefika kilomita 30. Nao mto Kagera ndio mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria. Ziwa lenyewe lina kina cha wastani cha mita 40 tu, na mto unaotoka ni mmoja, Nile pale Jinja. Kilichoingia hakina haraka ya kutoka.

Kwa hiyo ninachodai ni vitu vya kushikika. Kila nguzo ya alama kwenye mkuza, yaani ukanda wa ardhi linamopita bomba, iwe na namba ya simu ya bure, na anayepokea awe ndani ya chumba cha kuendeshea bomba, anayejua Kiswahili, na mwenye amri ya kuzima pampu kwa taarifa ya mwanakijiji bila kusubiri kompyuta ikubaliane naye. Mpango wa dharura uchapishwe kwa Kiswahili na ubandikwe ofisi ya kijiji. Wavuvi wa BMU, vile vikundi vya usimamizi wa mialo, wafanyishwe mazoezi na mitumbwi yao wenyewe, walipwe siku hizo. Mahali zilipo valvu za kufunga pande zote mbili za mito pajulikane kwa wanaoishi hapo. Bomba la inchi 24 hubeba takriban lita 270,000 katika kila kilomita, kwa hiyo valvu ikiwa kilomita 5 au 20 kutoka mtoni si suala la wataalamu peke yao.

Na maji yapimwe sasa, kabla mafuta hayajaanza kupita. Bila kipimo cha leo, siku mwananchi atakapodai kisima chake kimeharibika ataambiwa kilikuwa hivyo tangu zamani.

Siku ile ya mshumaa, mzee alinipeleka mwenyewe hadi kwenye chemchemi wanakochota. Tulijaza chupa nne za kioo cha kahawia, maana plastiki huvuruga vipimo vya mafuta. Nikaandika tarehe na saa kwenye kila chupa. Tatu nilizipakia kwenye sanduku la barafu kwa ajili ya maabara. Ya nne akaniomba abaki nayo, na ingawa kimaabara haitafaa tena, nilimwachia.