Jinsi tunavyofundwa kuwa wanasaikolojia wa shule

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyemaliza ualimu Dodoma aliniuliza: "Kaka, miaka mitatu yote hiyo mnasoma nini? Si kumuuliza mtoto maswali na kujumlisha alama tu?" Sikumjibu siku ileile, kwa sababu nami nilipoingia chuoni hapa Marekani nilidhani hivyohivyo. Kujumlisha alama tulijifunza ndani ya mwezi mmoja. Muda uliobaki tulifundishwa kuzihoji hizo alama.

Kwanza njia yenyewe, maana wengi hupotea hapo. Mwanasaikolojia wa shule si mshauri nasaha wala si daktari wa magonjwa ya akili, na hatoi dawa. Wengi wetu tuna shahada ya utaalamu, ambayo iko juu ya uzamili na chini ya uzamivu. Ni krediti zisizopungua 60. Miaka miwili unakaa darasani huku ukienda shuleni siku moja au mbili kwa wiki, na mwaka wa tatu uko kazini chini ya msimamizi kwa saa zisizopungua 1,200, ambazo angalau 600 lazima ziwe ndani ya shule. Viwango hivyo ni vya NASP, chama cha kitaifa cha wanasaikolojia wa shule kilichoanzishwa mwaka 1969. Halafu kuna mtihani wa taaluma uitwao Praxis na leseni ya jimbo. Hayo ukisoma utayapita, sitayakalia.

Shule za hapa zinatuhitaji kwa sababu ya sheria. Kabla ya 1975 mtoto mwenye ulemavu aliweza kurudishwa nyumbani na kuambiwa hana nafasi. Mwaka huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyompa kila mtoto haki ya kusoma bure katika shule ya umma, sheria ambayo leo inaitwa IDEA. Mwalimu au mzazi akiona mtoto anakwama, anaweza kuomba apimwe. Mzazi akishatia sahihi ya idhini, shule ina siku 60 za kumaliza upimaji, isipokuwa jimbo liwe limeweka hesabu yake. Mtoto akionekana anastahili, anaandikiwa mpango wake mwenyewe wa elimu, na mzazi anakaa mezani unapoandikwa. Katikati ya sahihi ya mzazi na kikao hicho ndipo kazi yetu kubwa ilipo.

Muhula wa kwanza wa upimaji unakabidhiwa mkoba mzito: vijitabu vya picha, fomu za kujazia, saa ya kuhesabia sekunde, na vile vibao vidogo vyenye pande nyekundu na nyeupe ambavyo mtoto huvipanga afuate mchoro. Maelekezo husomwa neno kwa neno kama yalivyoandikwa. Unajirekodi kwa video ukimpima mtoto wa kujitolea, kisha mkufunzi anakaa na kuhesabu makosa yako. Video yangu ya kwanza ilirudi na kosa moja limeandikwa mara kumi na nne: nilikuwa naitikia kwa kichwa kila mtoto alipopatia. Alipokosea, kichwa kilitulia. Baada ya maswali machache mtoto akawa haangalii tena kitabu, anaangalia kichwa changu. Nilirudia zoezi lile mara tatu mpaka uso wangu ukazoea kubaki mmoja, mkunjufu kwa jibu sahihi na kwa jibu baya.

Ukali wote huo una sababu. Vipimo hivi vimepangwa ili wastani wa watoto wa umri mmoja uwe 100, na mkengeuko, yaani kiasi ambacho alama kwa kawaida huachana na wastani huo, uwe 15. Anayepata 70 yuko chini sana ya wenzake, na namba hiyo imebeba maisha ya watoto wengi. Mwaka 1970 kulimalizwa kesi iitwayo Diana huko California. Watoto tisa wenye asili ya Meksiko, ambao nyumbani walisema Kihispania, walikuwa wamepimwa kwa Kiingereza na kuwekwa katika madarasa ya watoto waliodhaniwa hawana akili ya kutosha. Walipopimwa tena kwa Kihispania, wengi wao walivuka alama ya mpaka wa kuwekwa katika madarasa hayo. Kesi hiyo tuliisoma wiki nzima, na mpaka leo siwezi kufungua mkoba wangu bila kuwakumbuka wale tisa. Leo sheria inataka mtoto apimwe kwa lugha anayoimudu, na uamuzi usitegemee kipimo kimoja.

Sasa wewe unayesema Kiswahili utasema: basi tafsiri maswali, kazi imekwisha. Nami nilisema hivyo darasani, na mkufunzi akaniambia nisome namba kwa sauti. Jaribu mwenyewe: saba, tatu, tisa, mbili, tano. Kisha zisome hizohizo kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza, kuanzia moja hadi tisa, ni saba peke yake yenye silabi mbili. Kwa Kiswahili zote tisa zina silabi mbili. Kumbukumbu ya muda mfupi hushika kadiri ya kile unachoweza kukirudia kimoyomoyo kwa sekunde mbili hivi, kwa hiyo mtoto anayezishika kwa Kiswahili anabeba mzigo mrefu zaidi kwa namba zilezile. Mwaka 1980 watafiti walilionyesha jambo hili kwa watu wanaojua Kiwelisi na Kiingereza. Ukitafsiri papo kwa papo, ukampa alama kwa jedwali la watoto wa Kimarekani, umempunja bila kujua.

Mwaka wangu wa tatu nililetewa mtoto wa miaka tisa, familia yake ya Kikongo, yeye amezaliwa katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Barua ya mwalimu ilisema hafuati maelekezo na anachelewa kusoma. Mama yake alikuja shuleni na binti yake wa miaka kumi na mbili awe mkalimani. Tumefundwa tusikubali hilo kamwe. Mtoto hawezi kubebeshwa habari za mdogo wake, na kuna mambo mama hatayasema mbele yake. Binti akarudi darasani, nami nikaongea na mama kwa Kiswahili. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Mutoto wangu hana kichaa, mwalimu."

Nikamwambia, "Hapana mama, hakuna aliyesema hivyo. Nataka unisimulie alivyokua." Fomu ilikuwa na maswali ya miezi: alikaa lini, alitembea lini, alisema lini. Mama hakuhesabu kwa miezi. Alisema mtoto aliacha kusema kwa muda baada ya homa kali, msimu wa mvua ule nyumba yao ilipobomoka, na tangu hapo ukimwita kutoka nyuma hageuki. Nilimwomba arudie. Hageuki ukimwita kutoka nyuma, ila ukisimama mbele yake anakujibu vizuri.

Sikufungua mkoba siku hiyo. Nilimwomba muuguzi wa shule ampime masikio, akapelekwa kwa mtaalamu, na sikio la kushoto likaonekana halisikii sawasawa. Upimaji wangu ulifuata baadaye, nimekaa upande wake wa kulia. Kwenye vibao vyekundu na vyeupe aliupanga mchoro mmoja mgumu kwa usahihi kabisa, lakini sekunde nne baada ya muda kwisha. Kanuni ni sifuri, na sifuri niliiandika. Pembeni nikaandika pia kwamba alimaliza, kwa sekunde ngapi, na kwamba alikataa kuacha katikati. Msimamizi wangu aliniambia maelezo hayo ya pembeni yaingie kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, juu ya jedwali la alama.

Kwenye kikao mama aliomba nimsomee ukurasa ule kwa Kiswahili, taratibu. Nilipofika pale pa vibao alinikatiza akamgeukia mwalimu wa darasa, akamwonyesha kwa mkono mahali ambapo kiti cha mwanawe kingekaa: mstari wa mbele, kushoto mwa darasa, ili sikio zima limwelekee mwalimu.